Kutoka shahada ya kwanza hadi uhadhiri wa ikolojia ya vijidudu vya majini

Ndugu, umeuliza uanzie wapi, ukiwa na GPA ya 3.9 na hamu ya kufundisha chuoni huku ukitafiti bakteria wa Ziwa Victoria. Umeanza vizuri: matangazo mengi ya uhadhiri msaidizi katika vyuo vya umma Tanzania hutaka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya umahiri. Hiyo ya pili ndiyo huwakwamisha wengi, kwa hiyo usidharau kozi ndogondogo.

Mtafute msimamizi kabla ya kuomba chuo. Mwandikie kwa ufupi, ukiwa na swali moja linalopimika, mfano ni lini Microcystis, bakteria wanaofanya maji kuwa ya kijani, wa Ghuba ya Mwanza hutoa sumu.

Kisha jifunze kuchuja maji kwa mkono wako, ili kunasa bakteria na DNA yao. Kichujio cha mikromita 0.22 hupitisha mililita 200 hadi 500, lakini maji ya kijani hukiziba mapema. Andika ujazo halisi uliopita. Bila huo huwezi kukokotoa idadi ya bakteria kwa lita. Kigandishe kichujio papo hapo, maana kikiyeyuka njiani DNA huharibika na safari nzima imepotea.

Sampuli zikipelekwa nje, kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na mkataba wa kuhamisha sampuli uvianze miezi kadhaa mapema.