Kuhusu kuendesha bagi kwenye miteremko ya Mlima Elgon

Ndugu, umeuliza kama dereva aliyezoea lami ya Kampala pekee anaweza kuendesha bagi, kile kigari cha wazi chenye fremu ya chuma cha kupita njia mbovu, nyuma ya mwongozaji kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Anaweza, mradi aende katika kiangazi cha Desemba hadi Februari, kwa sababu udongo wa kule, uliotokana na volkano, ukinyeshewa huteleza mno. Kupanda si kazi. Kazi ni kushuka. Usikanyage breki mfululizo hadi zikachemka, bali tumia gia nzito, yaani ya chini, ili injini yenyewe ipunguze mwendo. Mkanda ufunge mpaka ukubane, na bagi ikiinama upande, mikono ibaki kwenye usukani, kwani anayetoa mkono nje ili ajizuie huangukiwa na chuma cha fremu. Mwongozaji naye mwache atangulie vya kutosha, la sivyo utakula vumbi lake njia nzima.