Matone ya vitamini D kwa mtoto njiti: soma chupa kila ununuapo mpya

Mwanangu alizaliwa wiki ya 29, gramu 1,180. Tuliporuhusiwa kutoka wodini nilishajua kumbeba kangaruu (kifuani, ngozi kwa ngozi), kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe. Kichupa cha vitamini D nilikiona kama nyongeza tu.

Kumbe karibu asilimia 80 ya kalsiamu na fosforasi ya mifupa, mtoto huipata tumboni katika miezi mitatu ya mwisho. Njiti anaikosa. Maziwa ya mama ndiyo bora kwake, ila vitamini D iliyomo ni kidogo mno, na bila hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu vizuri. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa chini ya kilo moja na nusu wapewe yuniti (kipimo cha vitamini, kwenye chupa huandikwa IU) 400 hadi 1,000 kwa siku, mpaka watimize miezi 6.

Chupa yetu ya kwanza, tone moja lilikuwa yuniti 400. Ilipokwisha, duka la dawa wakanipa ya aina nyingine. Nikaendelea na tone langu moja, wiki tatu nzima. Siku ya kliniki daktari akaomba kukiona kichupa, akakigeuza kwenye mwanga na kunionyesha maandishi madogo ubavuni: yuniti 400 zilikuwa kwenye mililita nzima, si kwenye tone; tone langu moja lilimpa sehemu ndogo tu ya hizo. Nililia pale pale. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: ukipima mililita ya dawa inayohesabiwa kwa matone, unamzidishia mtoto mara nyingi, na vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo.

Akapimwa damu. Fosforasi ilikuwa chini, akaongezewa, maana vitamini D peke yake haijengi mfupa kama madini hayapo. Usimwongezee mwenyewe nyumbani. Kipimo ndicho kinachosema.

Mama mkwe alisisitiza jua la asubuhi. Namheshimu, lakini jua la saa moja ni dhaifu kwa kazi hii, na njiti aliyefunikwa vizuri halipati. La mchana litamuunguza. Mama mwenzangu, mpe matone.

Na ukibadilisha nepi, usimnyanyue kwa kumshika miguu. Pitisha kiganja chini ya makalio, umwinue taratibu. Mifupa iliyopungukiwa madini huvunjika kwa nguvu ndogo sana.