Je, inafaa kuuza hewa? Pesa za mikoko na haki ya aliyezuiwa kuni

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mvuvi, na pia katibu wa kamati ya msikiti katika kijiji kimoja cha pwani ya Kwale. Wametujia watu wa mradi wa kaboni. Wanasema tukiilinda mikoko yetu na kupanda mingine, wako watu Ulaya watakaotulipa kila mwaka. Kijiji kimegawika. Wazee wawili wanasema ni haramu, hewa ni ya Mwenyezi Mungu na haiuzwi, tena tunauza kitu kisichoshikika. Vijana wanasema pesa ni pesa. Kamati yetu imeahidiwa fungu la kuezeka madrasa upya. Lakini shangazi yangu ni mjane, na miaka yote kuni zake zilitoka mikokoni. Sasa amekatazwa. Anapikia makumbi, moshi unamtoa machozi na kikohozi hakimwachi usiku. Ameniambia, "Hiyo madrasa iezekeni na dua yangu." Neno hilo limeninyima usingizi. Je, pesa hizi ni halali? Je, hatuwasaidii matajiri wa mbali waendelee kuchafua? Na swali dogo: tukienda kupanda maji yakiwa yamekupwa, alasiri hutukuta tumejaa tope jeusi linalonuka. Inafaa kuswali nalo?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Masheikh zetu walitufundisha kwamba kulihukumia jambo ni tawi la kulielewa, na mimi bidhaa hii nilikuwa siielewi. Mikoko naijua kama anavyoijua mtoto yeyote wa pwani: mkandaa, mchu, msinzi, mkomafi. Babu yangu alipakia boriti kwa korija kwenye jahazi za kwenda Arabuni, na chumba nilichozaliwa upana wake ulikuwa ule wa urefu wa boriti. Lakini kuuza hewa ya mkoko! Ilinibidi niwatafute wanaopima, niwaulize.

Walichonieleza ni hiki. Mkoko, kama mti mwingine, huvuta hewa ukaa, ile inayoongeza joto la dunia, na kuifanya gogo, jani na mzizi. Tofauti iko chini yake. Tope lile limejaa maji, hewa haipenyi, kwa hiyo majani na mizizi iliyokufa haiozi upesi, na kaboni hulala humo mamia ya miaka. Ndiyo sababu eneo moja la mikoko hubeba kaboni mara kadhaa kuliko eneo sawa la msitu wa bara. Msitu ukikatwa, tope likafumuka, ile akiba hurudi hewani. Basi mnunuzi wa Ulaya hanunui pumzi ya mtu yeyote. Analipia kazi ya kupanda na kulinda, kisha hupimwa ni tani ngapi zimebaki topeni au zimevutwa kwa sababu ya kazi hiyo, na kila tani huandikiwa hati. Hapo jirani yenu Gazi, kijiji hicho na Makongeni wameifanya kazi hii tangu mwaka 2013 katika mradi wa Mikoko Pamoja: hekta 117, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Vanga, Jimbo na Kiwegu walifuata kwa hekta 460. Pesa za Gazi zimeingia kwenye maji ya bomba na shule. Nenda ukawaulize wenyewe, nauli ya matatu tu.

Sasa, wazee wako wana haki ya kuuliza. Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, yaani ya kubahatisha, kama alivyopokea Abu Hurayra katika Sahih Muslim. Na alimwambia Hakim bin Hizam, "Usiuze usichokuwa nacho." Kama mkataba ungesema "tunawauzia hewa iliyo juu ya kijiji chetu", ningesimama na wazee. Lakini ukiitazama kazi yenyewe, inafanana zaidi na ju'ala: mtu husema, atakayenifanyia jambo fulani nitampa kadhaa, na akishalifanya anastahiki. Katika Sura Yusuf aya ya 72, mtangazaji anaahidi shehena ya ngamia kwa atakayelileta kopo la mfalme, na wafuasi wa Imam Shafi'i ni miongoni mwa walioijuzisha ju'ala kwa msingi huo. Na kuhusu "hakishikiki": Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa nchi za Kiislamu, ilipokutana Kuwait Desemba 1988 ilikubali kwamba haki zisizoshikika, kama jina la biashara na haki ya mtunzi, ni mali kisharia na zina thamani. Kwa hiyo mimi naona malipo haya yanafaa, kwa sharti kazi iwe ya kweli, kipimo kiwe cha kweli, na malipo yajulikane. Tani iliyoandikwa na haipo ni ulaji wa mali kwa batili, hata kama mhuri wake ni wa Ulaya.

Lipo jambo moja la mkataba mlitazame kwa macho mawili. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi ukaifukia na kuiua mikoko ya Mwache, karibu na Mombasa. Likitokea kama hilo kwenu, nani atalipa? Aliyeaminiwa amana halipi kilichoharibiwa na kadari ya Mwenyezi Mungu, isipokuwa amefanya uzembe au amevuka mipaka. Miradi mizuri huweka kando sehemu ya tani bila kuiuza, kwa ajili ya majanga kama hayo. Kama mkataba wenu unawataka mrudishe pesa mafuriko yakija, msitie saini. Na uandikwe kwa Kiswahili. Mkataba wa miaka ishirini wa wajukuu wenu hausomwi kwa kukisia.

Hayo ndiyo mepesi. Mazito ni ya shangazi yako.

Kwanza tuulize, ninyi mna nini katika msitu ule? Mikoko ya Kenya iliwekwa chini ya serikali tangu mwaka 1932, enzi ya mkoloni, na hadi leo ni msitu wa serikali. Kijiji hakina hati ya ardhi ile. Kinacho makubaliano na idara ya misitu kupitia chama cha jamii, na kinayo mikono yake. Maana yake kinacholipwa ni vitu viwili: jasho la waliopanda, na kujizuia kwa waliokuwa wakikata. Shangazi yako yumo katika hao wa pili. Kila siku asiyokwenda mikokoni anatoa kitu chake, na kitu hicho kinapimwa, kinaandikwa, kinauzwa. Sasa niambie, ndugu yangu, katika daftari la kamati jina lake liko ukurasa gani?

Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa na hima, malisho yaliyozuiwa kwa ajili ya ngamia na farasi wa jihadi. Kuzuia eneo kwa maslahi ya wote ni jambo lenye asili katika dini yetu. Akamweka msimamizi, mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunayy. Imam Bukhari amepokea maneno aliyomwambia siku hiyo, nami sijui wosia wa msitu ulio bora kuliko huo. Alimwambia awainamishie watu ubawa wake, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hujibiwa. Kisha: mruhusu aingie mwenye ngamia wachache na mwenye mbuzi wachache, na jihadhari na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan. Hao wawili ni Abdurrahman na Uthman, masahaba wakubwa, lakini pia matajiri. Sababu akaitoa mwenyewe: mifugo yao ikifa watarudi kwenye mitende na mashamba yao, bali yule mwenye mbuzi wachache akifiwa atanijia na watoto wake akilia, Ewe Amiri wa Waumini! Je, nitawatupa? Maji na majani ni rahisi kwangu kuliko dhahabu na fedha.

Sikiliza na la mwisho. Akaapa kwamba wenyeji wa malisho yale wanaona amewadhulumu, kwa kuwa ile ni nchi yao, waliipigania zama za Ujahilia na wakasilimu wakiwa juu yake, na lau si wale wanyama wa njia ya Mwenyezi Mungu asingewazuilia hata shubiri moja ya nchi yao. Khalifa mzima anakiri kwamba ardhi aliyoizuia ina wenyewe. Siku hizi hata mlinzi wa msitu mwenye filimbi hakiri hivyo.

Basi hukumu yangu ni kwamba kuzuia mikoko isikatwe kunafaa, lakini kumzuia mjane kuni bila badala ni dhuluma, na Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kulipiza dhara. Kuokota kuni kavu zilizoanguka si kukata boriti. Idara ya misitu iombwe iwaruhusu wanyonge siku maalumu, na kama mradi unaona hata hizo zibaki msituni, mradi ulipe. Gazi walipanda mivinje nje ya mikoko ili watu wapate kuni na miti ya kujengea. Lakini mvinje hautoi kuni mwaka uliopandwa, na kikohozi cha shangazi yako hakingoji. Fungu la kwanza la pesa hizi, kabla ya bati hata moja la madrasa, linunue jiko na mtungi wa gesi kwa kila nyumba iliyokuwa ikitegemea kuni za mikokoni, na ujazo wake ulipwe mpaka mivinje ikomae. Wakata boriti nao wawe wa mwanzo kuajiriwa katika ulinzi na upandaji. Hakuna anayeujua msitu ule kama wao. Wewe mpeleke shangazi hospitali apimwe kifua, hilo lisingoje kikao.

Madrasa nayo? Pesa ni halali, lakini si sadaka ya mradi kwa msikiti. Ni haki ya kijiji kizima, wakiwemo majirani wasiokuwa Waislamu ambao nao wamejizuia kukata. Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, imeweka kwamba katika miradi ya ardhi jamii isipate chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama. Fungu hilo ligawiwe katika baraza la watu wote, wanawake wakiwemo na wakisema wenyewe. Baraza likiona madrasa iezekwe, iezekeni kwa bismillahi. Likiona kisima, kiwe kisima. Wewe katibu kazi yako ni kuandika kila shilingi na kuisoma hadharani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Umeuliza kuhusu matajiri wa mbali. Swali hili limenipendeza, maana wengi huishia kwenye "ni kiasi gani?" Mwenyezi Mungu amesema katika Sura al-Maida aya ya 2 tusaidiane katika wema na uchamungu, wala tusisaidiane katika dhambi na uadui. Ifananishe na fidya ya saumu. Mzee asiyeweza kufunga hulisha masikini kwa kila siku, na inamtosha. Kijana mwenye afya akisema, "Sifungi, nitalisha masikini," hatakasiki kwa kulisha huko. Saumu bado iko shingoni mwake. Lakini masikini aliyekula wali ule amekula halali. Ndivyo ilivyo hapa. Kampuni iliyopunguza moshi wake mpaka ikakwama kwa uliobaki, ikailipia mikoko yenu, imefanya jema. Inayoweza kupunguza na haipunguzi, ikanunua hati ili ijisifu, haijatakasika, na dhambi yake haiwarukii ninyi, maadamu hamkushuhudia uongo wake. Mnayo haki ya kuuliza nani ananunua, na ya kukataa. Wakija kuwapiga picha mkiwa mmeshika mche ili waitundike kwenye ofisi inayofukiza moshi ule ule, waambieni picha haimo katika mkataba.

Mkiuliza msione haya. Kenya nzima hutoa chini ya asilimia 0.1 ya hewa zinazoongeza joto duniani, na wanaokumbwa na bahari inayopanda ni ninyi. Katika hadithi ya jahazi aliyoipokea Nu'man bin Bashir, waliotaka kuitoboa, ili wapate maji bila kupanda juu, walikuwa abiria wa chini, na wakiachwa wangezama wote. Leo watoboaji wamekaa juu, na maji yanaingia kwetu.

Limebaki tope. Tope la mikokoni ni twahara, si najisi. Harufu yake ni ya majani yaliyofunikwa yakakosa hewa, wala harufu peke yake hainajisi kitu. Nguo ikiingia tope unaswali nayo, isipokuwa umeona najisi yenyewe, kama kinyesi au maji ya choo yaliyoelekezwa kule. Kwenye udhu, likwangue lililogandia miguuni na chini ya kucha mpaka maji yaifikie ngozi. Maji ya bahari yanatosha, Mtume (s.a.w.) aliulizwa akasema maji yake ni yenye kutoharisha. Msiiache alasiri ikapita kwa kungoja kurudi nyumbani kuoga. Tafuteni sehemu ya mchanga ufukweni, mmoja akimu, na viatu wekeni mbali na maji, kwani bamvua likianza kujaa halingoji mtoe salamu.

Wallahu a'lam.