AES-128 kutotoshea kwenye FPGA ndogo

Kama nimekuelewa, unajenga AES-128 (njia ya kusimba data kwa ufunguo wa biti 128) kwenye FPGA (chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe), umetandaza raundi zote 10 kwa pamoja, kila moja na saketi yake, na sasa chipu imejaa. Tatizo ni S-box, jedwali linalobadilisha kila baiti kuwa nyingine. Kila raundi inahitaji 16 za data na 4 za ufunguo. Zidisha kwa 10, unapata 200. Kwenye FPGA yenye LUT (vijedwali vidogo vinavyojenga saketi) za ingizo 6, S-box moja hula LUT 32, kwa hiyo 6,400 zimeshaondoka kabla hujagusa MixColumns, hatua ya kuchanganya baiti za kila safu wima.

Jenga raundi moja tu, uizungushe. S-box zinabaki 20, yaani LUT 640, na funguo za raundi zikokotolewe papo hapo badala ya kuhifadhiwa. Bloku moja (biti 128) itachukua mapigo 11 ya saa. Kwa MHz 100 hiyo ni zaidi kidogo ya Gbps 1. Kifaa cha kawaida hakihitaji zaidi.

Halafu, kama unatumia CBC (mtindo wa kuunganisha bloku kama mnyororo), kule kutandaza hakukukusaidia chochote katika kusimba mkondo mmoja: kila bloku inasubiri jibu la iliyotangulia. Hamia CTR (mtindo wa kusimba kihesabu, kisha kuchanganya jibu na data kwa XOR, yaani kulinganisha biti kwa biti), na hapo hata saketi ya kufumbua AES huihitaji. Ila kihesabu kisijirudie kamwe kwa ufunguo uleule, maana anayenasa jumbe mbili atazi-XOR na mkondo uliotokana na ufunguo utatoweka kwenye hesabu, abaki na XOR ya jumbe zenyewe.

Raundi ya 10 haina MixColumns, wengi hukwama hapo. Pima kwa mfano wa FIPS-197 (kiwango rasmi cha AES): ufunguo 000102…0f, data 001122…ff, jibu lianze na 69c4e0d8.