Kikohozi cha wiki tatu na ushauri wa kukata kimeo

SWALI: Daktari habari. Kijana wangu ana mwaka mmoja na miezi 4, anakohoa hii ni wiki ya tatu, sana sana usiku, na akishikwa anakohoa mpaka anatapika maziwa na makohozi. Nimempea sirapu mbili tofauti za kikohozi na Amoxil iliyobaki ya dadake. Jirani alimuangalia koo akasema kimeo, kile kinyama kinaning'inia nyuma ya koo, ni kirefu na ni chekundu, eti kinagusa ulimi ndio maana anatapika. Kuna mzee hapa mtaani anakata kwa mia tano lakini mimi naogopa wembe wake. Ni hospitali gani hapa Nairobi inakata kimeo kwa njia safi, na mtoto anafaa kuwa wa umri gani? (Mama, Pipeline)

JIBU: Mama, afadhali umeuliza kabla mtoto hajafunguliwa mdomo na huyo mzee. Hakuna hospitali ya kukata kimeo kwa sababu ya kikohozi, awe wa mwaka mmoja ama wa miaka kumi. Hospitalini kimeo hukatwa mara chache sana, tuseme kuna uvimbe, ama ni mtu mzima anayekosa hewa usingizini, na hiyo ni kazi ya daktari wa masikio, pua na koo ndani ya thieta. Ukipata kliniki ya mtaani inakwambia sisi tunakata na glavu na sindano ya ganzi, toka hapo, ni kazi ile ile ya mzee, koti nyeupe haibadilishi kitu.

Sasa kile kitu huniumiza roho, na nakisikia kila wakati kwa wazazi, ni hii maneno ya "lakini wa fulani alikatwa na akapona." Hebu tufuate hesabu. Watu hudhani homa ya kawaida ikimpata mtoto kikohozi ni cha siku tatu nne, ikizidi hapo kuna kitu imejificha. Si hivyo. Watafiti waliofuatilia watoto wenye kikohozi cha virusi waliona karibu nusu wanapona ndani ya siku 10 hivi, na ni kufika siku ya 25 ndio watoto 9 kati ya 10 wanakuwa wamepona. Mama naye hupeleka mtoto kwa mzee lini? Si siku ya tatu. Anapeleka wiki ya tatu, sirapu zimeisha, usingizi hakuna, majirani wa ploti kila mtu ana dawa yake. Mtoto anakatwa, baada ya siku chache kikohozi kinatulia, mzee anapata sifa na wateja wengine watano. Jogoo awike asiwike kutakucha. Wale ambao hawakupona hamuwasikii hapo kwa ploti, sisi ndio tunawaona, juu wanaletwa usiku wakiwa wamezidiwa.

Na huo wekundu. Mtoto akiwa na homa koo lote huvimba, na kimeo kiko hapo hapo katikati kwa hivyo nacho kinavimba na kuonekana kirefu, ni kikohozi kimekileta hivyo, si chenyewe kimeleta kikohozi. Ukimulika koo la mtoto analia na tochi ya simu, hata yule mzima kabisa utaona kimeo kimelala juu ya ulimi. Kutapika pia si kimeo, watoto wa umri huu hawajui kutema makohozi, wanayameza, na kikohozi kikija kwa nguvu yanarudi pamoja na maziwa.

Kile kinaniogopesha zaidi na hiyo kazi ni damu. Mtoto mdogo hatemi damu, anaimeza, kwa hivyo mama anaangalia kitambaa anaona ni kisafi anasema imekauka, kumbe inatiririka ndani pole pole usiku mzima na asubuhi mtoto anatapika vitu vyeusi, viganja vimepauka, anasinzia tu. Halafu kuna usaha kwenye koo, kuna pepopunda, kuna HIV na hepataitisi B kwa sababu kile kifaa kimeingia midomo ya watoto wengine kabla ya wako. Na hata akiponea hayo yote, kama shida ilikuwa nimonia ama TB, bado iko kifuani na tumepoteza wiki nzima.

Wa kwako anafaa kuonwa wiki hii, usingoje, kwa sababu kikohozi kikipita wiki mbili hatusemi tena ni homa tu mpaka tumuangalie. Beba kile kitabu cha kliniki. Kukohoa mfululizo mpaka kutapika kunaweza kuwa kifaduro, na chanjo yake iko ndani ya ile penta ya wiki 6, 10 na 14, kwa hivyo daktari akikuuliza kama alimaliza zote tatu usijibu kwa kukisia. Watakuuliza kama kuna mtu hapo nyumbani anakohoa sana ama anatumia dawa za TB, na kama mtoto ameacha kuongeza kilo. TB ya watoto siku hizi inaweza kupimwa hata kwa choo, na dawa zake kwenye vituo vya serikali ni bure. Kama anatoa sauti kama filimbi akipumua, ama kwenu kuna mwenye asma, sema. Sema pia kama mnapika na mafuta ya taa ama makaa chumba hicho hicho mnalala. Na jaribu kukumbuka hii kikohozi ilianza vipi, kama ilianza ghafla akila njugu ama akichezea kitu kidogo akapaliwa, hiyo ni habari muhimu kuliko zote, juu kitu kikikwama kwa njia ya hewa hakuna dawa ya kunywa itakitoa.

Kabla hujaenda, na usiku pia, jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya, ukimpata amelala ni vizuri zaidi. Inua shati, weka simu dakika moja kamili, hesabu kila kifua kinapopanda. Wa mwaka mmoja hadi mitano zikifika 40 ama zaidi anapumua haraka, na wa miezi 2 hadi mwaka ni 50. Ukiona zimefika hapo peleka siku hiyo hiyo. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila akivuta hewa, ama hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, ama amelegea hata kuamka ni shida, hiyo si ya kungoja asubuhi.

Amoxil ya dadake mwaga. Sirapu ikishachanganywa na maji haikai zaidi ya wiki mbili, na nusu dozi haiui nimonia, na kwa virusi haifanyi kitu. Sirapu za kikohozi nazo achana nazo, nyingi zinamlaza tu mtoto mama akadhani ni kupona, na Marekani walionya tangu 2008 zisipewe walio chini ya miaka miwili. Kwa umri wake kijiko kidogo cha asali usiku kinatosha kutuliza koo, lakini asali ni kwa aliyepita mwaka mmoja pekee.

Najua kwa nini watu huenda kwa mzee, yuko karibu na hana foleni. Lakini dispensari na helthi senta za kaunti zinamhudumia mtoto bila kulipa kama mmejisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, unajisajili kwa simu, *147#, na akizidi wanawaandikia mwende hospitali ya Mama Lucy. Kwa hivyo hiyo mia tano ya mzee si ya kuokoa pesa, ni ya kununua hatari. Na wanaokata kimeo mara nyingi ndio hao hao wanang'oa "meno ya plastiki" mtoto akihara, na hayo si ya plastiki, ni meno ya kweli ambayo hayajatoka, wanayachimbua kwenye ufizi na waya ama kisu, wakati mtoto anayehara alihitaji ORS, zinki, na kunyonya zaidi.

Kwa wale wazazi wengine mnasoma hii na mtoto alishakatwa, mleteni. Akiwa anameza meza bila kunywa kitu, akitapika nyeusi, akipauka, akipata joto, shingo ikivimba ama taya likikaza, ni hospitali saa hiyo hiyo. Mwambie daktari alikatwa siku gani na kwa kifaa gani, hakuna mtu atakugombeza, tunahitaji kujua ili tuangalie damu yake, tumpe kinga ya pepopunda, na kama hazijapita saa 72 tuangalie kama anafaa kuanzishwa dawa za kuzuia HIV.