Timu 14, Mkono Mmoja: Maswali Yenu Kuhusu Edwin Jackson

Tangu niandike kuhusu Edwin Jackson, mrushaji (yule anayemtupia mpigaji mpira) aliyechezea timu 14 za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani (MLB), maswali yamefurika. Nusu yake yanauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimeyafunga pamoja. Wanaotaka kujua kama besiboli ni kriketi ya Wamarekani nimewaacha hukohuko waliko.

Mtu akihamahama timu 14, si ushahidi tosha kwamba hafai? (Wasomaji wengi, akiwemo mmoja wa Tabora aliyeandika kwa herufi kubwa tupu)

Punguza sauti, ndugu yangu wa Tabora. Timu isiyokutaka haikusajili. Mnahesabu mara alizoondoka, hamhesabu mara alizoitwa. Viongozi wa klabu 14 walikaa kikao, wakaupima mkono wa huyu bwana, wakasema tunamhitaji, tena wengine walikuwa wanafukuzia ubingwa.

Jackson alianza ligi kuu Septemba 9, 2003, siku aliyotimiza miaka 20. Los Angeles Dodgers walimtupa mbele ya Randy Johnson, mrushaji wa Arizona, jitu la futi 6 na inchi 10 ambalo kesho yake lilikuwa linatimiza miaka 40. Kijana akashinda. Mara ya mwisho kuonekana ligi kuu ilikuwa 2019. Hapo katikati kuna misimu 17. Mtu asiyefaa hadumu misimu 17 mahali ambapo kila mwaka wanaingia vijana wapya wenye mikono mibichi.

Wanaomwita mzururaji wangetazama kipindi cha 2007 hadi 2013. Kila msimu alianza mechi zisizopungua 31. Mrushaji wa kuanza hupanda kilimani, yaani kwenye kichuguu anachorushia mpira, takriban kila siku ya tano, na msimu una mechi 162, kwa hiyo mechi 31 maana yake ni nadra kukosa zamu. Aliruhusu mikimbio, yaani pointi za wapinzani, ndiyo. Aliwapa wapigaji besi za bure, yaani kutembea tu hadi kituo cha kwanza kwa sababu mipira imekosa shabaha, kuliko inavyopendeza, ndiyo. Lakini meneja aliyeandika jina lake kwenye ratiba alijua siku ikifika mtu atakuwepo, na mpira wake utapita kilomita 150 kwa saa. Mashabiki hawaimbi nyimbo kuhusu mtu wa namna hiyo. Makocha ndio wanaomtafuta.

Kwa nini hakukataa kuhamishwa? Mbona wachezaji wa soka hukataa? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu hakuulizwa. Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja, maana wengi mnaitazama besiboli kwa miwani ya soka. Kwenye soka, klabu mbili zikishakubaliana bado mchezaji lazima akae mezani, akubali masharti yake, ndipo asaini. Kwenye besiboli ya Marekani klabu huuhamisha mkataba wako kama ulivyo, nawe ukiwa ndani yake. Unapigiwa simu, unaambiwa mji, unapanga mabegi.

Njia ya kukataa ipo. Mchezaji mwenye miaka kumi ya utumishi katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na klabu moja, anaweza kuzuia uhamisho. Wengine, wenye majina makubwa, huandikiwa haki hiyo kwenye mkataba. Sasa Jackson hiyo mitano ya klabu moja angeitoa wapi? Haki imewekwa mahali ambapo kiguu na njia hafiki, yaani anayeihitaji zaidi ndiye asiyeweza kuipata. Mimi naona huu ni uonevu, na nimeshalisema hilo hapa mpaka mhariri amechoka.

Aliyejaribu kupambana alikuwa Curt Flood. Mwaka 1969 St. Louis Cardinals walimpeleka Philadelphia, akagoma, akaenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Marekani ikamkatalia mwaka 1972, majaji 5 dhidi ya 3. Mlango ulifunguka 1975, msuluhishi wa migogoro ya mikataba, Peter Seitz, alipotoa uamuzi kwamba warushaji Andy Messersmith na Dave McNally walikuwa huru. Siku hizi mchezaji hupata uhuru wa kuchagua klabu baada ya miaka sita ya utumishi. Jackson aliupata mwisho wa msimu wa 2011. Kufikia hapo alikuwa ameshahamishwa mara sita, na umri wake ulikuwa miaka 28.

Kwa hiyo mkisema "alihamahama", muwe waangalifu. Sehemu kubwa ya safari hiyo alihamishwa.

Zitaje timu zote 14.

Ungeweza kuzitafuta mwenyewe muda uleule uliotumia kuniandikia. Haya: Dodgers, Tampa Bay, Detroit, Arizona, Chicago White Sox, St. Louis, Washington, Chicago Cubs, Atlanta, Miami, San Diego, Baltimore, Oakland, Toronto. Washington na Detroit alizirudia, na kurudia hakuongezi hesabu. Asiniulize mtu tena.

Nimesoma kwamba alikuwa Toronto 2011, wewe unasema 2019. Nani mwongo? (Msomaji, Kisumu)

Hakuna mwongo. Julai 27, 2011 White Sox walimpeleka Toronto Blue Jays, na siku hiyohiyo Toronto wakampeleka St. Louis. Hakuwarushia hata mpira mmoja, ndiyo maana haihesabiwi. Alikuja kuvaa jezi yao kweli Mei 2019, Oakland walipomtoa kwa fedha taslimu, na hapo ndipo rekodi ya timu 14 ilipowekwa.

Mnachosahau kuhusu siku ile ya 2011 ni nani mwingine aliyekuwemo kwenye furushi la kwenda St. Louis. Alikuwemo Octavio Dotel, mrushaji wa Jamhuri ya Dominika, ambaye mwaka uliofuata alijiunga na Detroit na kuweka rekodi ya timu 13. Yaani watu wawili ambao baadaye wangeishika rekodi hiyo, mmoja baada ya mwingine, walisafirishwa katika mzigo mmoja. Miezi mitatu baadaye wote wawili walikuwa mabingwa wa Marekani.

Alishinda mechi 107 akapoteza 133. Hapo utatetea nini? (Msomaji, Arusha)

Nitamtetea Cy Young kwanza. Ndiye aliyeshinda mechi nyingi kuliko warushaji wote wa ligi kuu, 511. Ndiye pia aliyepoteza nyingi kuliko wote, 315. Tuzo ya mrushaji bora ina jina lake. Kupoteza mechi 133 kunahitaji kuaminiwa mechi 133.

Halafu acheni kumhukumu mrushaji kwa ushindi na vipigo. Mwaka 2013 Jackson alishinda 8 akapoteza 18 pale Cubs, na klabu nzima ilipoteza 96. Mikimbio ya kumwokoa mrushaji hutegemea zaidi wenzake. Takwimu ya kutazama ni wastani wa mikimbio anayoruhusu kwa kila awamu tisa, ambazo ndizo urefu wa mechi ya kawaida, na hapo, bila kumpaka mafuta, Jackson ana 4.78 kwa maisha yake yote. Si wastani wa gwiji. Ni wa mtu wa kazi aliyekuwa na miaka mizuri, kama 2009 alipoitwa kwenye mechi ya nyota akiwa Detroit, na miaka mibovu ambayo wapinzani wake bado wanaikumbuka kwa furaha.

Ule mchezo wake wa 2010 ambao hakupigwa hata hiti moja, ni kweli alirusha mipira 149? Mwanangu ana miaka 12 na anapenda kurusha. (Mzazi, Kampala)

Ni kweli, na nakuomba mwanao asiuige. Kwa wageni: hiti ni mpira uliopigwa vizuri ukamfikisha mpigaji salama kwenye besi.

Ilikuwa Juni 25, 2010, huko St. Petersburg, Florida. Jackson alikuwa Arizona, akicheza dhidi ya Tampa Bay, waajiri wake wa zamani. Alianza ovyo kabisa. Katika awamu tatu za kwanza aliwapa wapinzani besi saba za bure. Awamu ya tatu alijaza besi zote tatu kabla hajamtoa mtu hata mmoja. Timu yake ilikuwa mbele kwa mkimbio mmoja tu, ule wa Adam LaRoche aliyeupeleka mpira nje ya uwanja awamu ya pili. Hiti moja pale, hata dhaifu, na habari ingekuwa imekwisha. Akachomoka bila kuruhusu kitu. Meneja A.J. Hinch akawa anatazama idadi ya mipira inapanda, mia, mia na ishirini, naye Jackson hataki kutoka. Alimaliza na besi nane za bure, mpigaji mmoja aliyegongwa na mpira, hiti sifuri, matokeo 1-0. Ni mojawapo ya michezo michafu zaidi kuwahi kuingia kwenye orodha ile tukufu ya michezo isiyo na hiti, na ndiyo maana naipenda.

Wiki tano baadaye Arizona walimhamisha. Shukrani ya punda, kama mjuavyo.

Sasa mwanao. Ligi ya watoto ya Little League inaruhusu mtoto wa miaka 11 au 12 kurusha mipira isiyozidi 85 kwa siku, na akifikisha 66 apumzike siku nne. Si adabu za Kizungu hizo, ni kiwiko. Kano ya ndani ya kiwiko ndiyo inayobeba mzigo wa kila mrusho, na ikikatika dawa yake ni upasuaji ambao Dkt. Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John, kwa kuchukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili. Tommy John alirudi akarusha hadi 1989. Yeye alikuwa mtu mzima mwenye klabu ya kumlipia. Kocha akikwambia mtoto ana kipaji hivyo arushe Jumamosi na Jumapili, mtafute kocha mwingine. Na "jana alirusha vizuri tu" si sababu ya kumpandisha leo.

Alipata fedha, au alikula nauli tu?

Alipata. Washington walimlipa dola milioni 11 kwa msimu wa 2012, kisha Cubs wakampa miaka minne kwa dola milioni 52. Julai 2015 Cubs walimwacha, mkataba ukiwa haujaisha, na waliendelea kumlipa, kwa kuwa mikataba ya ligi kuu hulindwa. Atlanta waliomchukua walitakiwa kutoa kima cha chini tu.

Linganisheni na kwetu, ambako mchezaji wa mpira akiachwa huanza kuzunguka ofisini kudai malimbikizo kama aliyekopesha jirani. Kijana unayesaini mkataba Dar au Nairobi, soma kifungu cha kuuvunja kabla hujasoma mshahara. Na usimwachie "mjomba" akusomee.

Lakini msidhani safari yote ilikuwa ya dola milioni. Miaka yake ya mwisho Jackson alisaini mikataba ya ligi ndogo, ile isiyokuahidi hata kiti kwenye benchi la ligi kuu, akisubiri mtu aumie huko juu. Hivyo ndivyo alivyofika Oakland 2018. Akaanza mechi 17, akashinda 6 akapoteza 3, wastani 3.33, na timu ikaingia mtoano. Mwaka uliofuata mkono ukakataa, na mwili ukikataa hauombwi.

Kuna Mwafrika aliyewahi kuishi maisha hayo? Kuna wakala ananiambia anaweza kunipeleka. (Kijana, Dar es Salaam)

Yupo. Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, mrushaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika Kusini kufika MLB, mwaka 2019 akiwa na Seattle. Mwaka huohuo akawa Baltimore. Akaenda Japani kuchezea Hiroshima, akarudi San Diego, na mwaka 2023 peke yake alivaa jezi za Dodgers, Boston na Oakland kabla ya kuangukia Houston. Huyo naye muulizeni kuhusu mabegi. Kabla yake Gift Ngoepe, pia wa Afrika Kusini, alishafungua njia 2017 akiwa Pittsburgh, ila yeye hakuwa mrushaji. Na jirani zetu wa Uganda nao wameshaingia: Dodgers waliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022, na Pittsburgh nao walimsajili mrushaji David Matoma.

Kuhusu wakala wako: amekuomba fedha? Kama amekuomba, umeshapata jibu. Klabu ya MLB inayomtaka mrushaji inamlipa yeye, haimtozi ada ya majaribio, wala ya viza, wala ya "fomu". Waganda hao walionekana wakirusha. Rusha kwanza, tena mahali unapoonekana.

Rekodi yake bado ipo?

Ipo, ila ana mwenzake. Rich Hill alipanda kilimani kwa Kansas City Julai 2025, akiwa na miaka 45, na hiyo ilikuwa timu yake ya 14.

Ataingia kwenye Ukumbi wa Magwiji?

Hapana.

Alimaliza wapi, na alipata nini baada ya hapo? (Msomaji, Muscat)

Ligi kuu aliimaliza Detroit, ambako alirudi mwaka uleule wa 2019 Toronto walipomwacha. Kisha, akiwa hana klabu, timu ya taifa ya Marekani ilimwita kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Wachezaji wa vikosi vya ligi kuu hawakuruhusiwa kwenda, kwa hiyo nafasi ilibaki kwa chipukizi na wazee wa kazi. Walifika fainali, wakafungwa na Japani 2-0, akarudi na medali ya fedha. Alitangaza kustaafu Septemba 2022. Kwa mchezo huo wenyewe, msiniulize utarudi lini Olimpiki: ni Los Angeles, 2028, na nimeshalijibu hilo mara mbili.