Deni la Manka Alipe Nani?

SWALI: Mpendwa Mhariri, ninaandika riwaya ya mapenzi na nimekwama katika sura ya mwisho. Msichana wangu, Manka, ana umri wa miaka 24, anauza nguo za mitumba katika soko la Memorial mjini Moshi, na mwishoni mwa mwaka 2023 alichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa unaorejeshwa kila siku, ili amlipie mdogo wake ada ya chuo. Anapendana na Baraka, kijana mwenye kampuni ya kupandisha watalii mlimani, lakini amemficha habari za deni hilo. Mwishoni Baraka anagundua, analipa fedha zote, kisha wanafunga ndoa. Rafiki yangu aliyesoma mswada amesema mwisho huo umemchosha, ila hakuweza kunieleza sababu. Nimekosea wapi? Nimekuwekea kurasa chache uzisome. – Dada wa Sakina, Arusha.

JIBU: Dada yangu, nimezisoma kurasa zako kwa furaha, hasa pale Manka anapowafungulia wateja robota asubuhi na mikono yake ikanuka dawa ya nguo mpaka jioni. Nadhani rafiki yako alichoka alipoona mzigo ambao binti huyu ameubeba tangu ukurasa wa kwanza ukituliwa kwa muamala mmoja wa simu, tena uliotumwa na mtu mwingine. Tangu hapo msomaji hawezi kujua kama Manka anampenda Baraka au anamshukuru, na Manka mwenyewe hawezi kujua. Kwetu jambo hilo ni zito zaidi, kwa kuwa ndoa ni ya koo mbili: fedha iliyolipwa kabla ya posa mawifi wataikumbuka, na siku Manka atakapokosana na mumewe kwa jambo dogo la jikoni ataambiwa kwamba alikombolewa. Nimewahi kulisikia neno hilo likitamkwa mbele ya wageni; mwanamke aliyeambiwa alinyanyuka akaiacha chai yake ikapoa.

Baada ya hilo lipo deni lenyewe, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu. Umeandika kwamba Manka "ana madeni makubwa". Msomaji anataka kujua ni kiasi gani, anadaiwa na nani, na marejesho ni saa ngapi. Tuseme amekopa shilingi 300,000 kwa siku 30 na anarejesha 12,000 kila siku, jumla 360,000. Mtu wa marejesho anapita na daftari lake jioni, wakati akina mama wanakunja nguo. Siku hiyo Manka ameuza blauzi tatu za shilingi 3,000. Ana 9,000, hajala tangu asubuhi, na anamwomba jirani wa meza 3,000, ilhali jirani naye ana marejesho yake na mtu yuleyule anakuja. Andika macho ya jirani huyo anapofungua pindo la kanga kutoa fedha. Ukurasa huo mmoja utafanya kazi kuliko sura nzima ya machozi.

Sheria nayo inaweza kukusaidia, maana wasomaji wengi hawaijui. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, riba ya mkopo wa Manka isingezidi shilingi 10,500, lakini yeye anatozwa 60,000. Hebu fikiria Baraka akikaa naye usiku juu ya robota, wote wameinamia kikokotoo cha simu, na Manka akaiona tofauti hiyo ya shilingi 49,500 kwa macho yake, kisha kesho yake akaenda mwenyewe kumkabili mkopeshaji. Hapo Baraka amekuwa mwenzi wake, na hajatoa hata senti.

Mwaka uliouchagua ni mzuri kuliko unavyodhani. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, kwa hiyo Manka alipohitaji ada mlango huo ulikuwa umefungwa. Liseme hilo mapema, ili asionekane mjinga.

Imebaki ile siri. Ningekuwa Baraka, nisingeumizwa na deni; ningeumizwa na majuma ya kuambiwa simu imezima chaji. Kwa hiyo anayepaswa kuomba radhi ni Manka, na Uchagani kuna namna ya kuomba radhi ambayo haihitaji maneno mengi: jani la isale. Mwenye kupelekewa jani hilo huona vigumu kukataa kusamehe. Mpandishe Manka hadi nyumbani kwa akina Baraka, kando ya migomba, akiwa amelishika mwenyewe, na Baraka alipokee mbele ya mama yake. Usilifute deni siku hiyo. Acha zibaki siku tisa za marejesho, na jioni hiyohiyo Manka ateremke mjini kuwahi kukunja nguo zake.